Maskini Akiokota: Filamu za Taharuki za Vijana na Suala la Tabaka

Kuna filamu moja ya vijana iliyozua mabishano mtaani kwetu. Yenyewe mimi sikuiona. Nilisimuliwa barazani, Kikwajuni hapa Unguja, na watu watatu, na kila mmoja alisimulia filamu yake. Wa kwanza alisema ni filamu ya kutisha, ila shetani hatokei. Wa pili akapinga: si ya kutisha, ni ya upelelezi, ila polisi hawafiki mpaka mwisho. Wa tatu, ami yangu, ambaye aliitazama kwa jicho moja huku akisubiri taarifa ya habari, alisema ni filamu ya kuwafundisha watoto kuwachukia wenye nyumba za ghorofa, na aliyeileta kwenye fleshi aulizwe ameitoa wapi.

Mambo mawili tu waliafikiana. Kwanza, imetengenezwa kwa pesa kidogo, maana "nyumba ni ile ile tangu mwanzo mpaka mwisho." Pili, vijana waliomo, wa tajiri na wa maskini, walifanya kosa moja lakini hawakulipa sawa.

Mabishano yalikwenda mpaka kahawa ikaisha. Nikaona hapa pana vitu vitatu vimefungwa kamba moja, na ndiyo maana kila mtu alivuta upande wake: kuna taharuki, kuna bajeti ndogo, na kuna tabaka. Tuvifungue kimoja kimoja, kisha tutazame kwa nini waandishi wa filamu hupenda kuvifunga pamoja, tena wakawatwika vijana wa skuli.

Taharuki si kushituka

Neno hili tulilikariri skuli katika fasihi, tukaliandika kwenye mtihani, tukalisahau. Taharuki ni hali ya kutaka kujua litakalotokea huku ukiliogopa. Filamu ya kutisha inataka upige ukelele. Ya upelelezi inataka ukune kichwa. Ya taharuki inataka ushindwe kwenda chooni.

Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyefanya kazi kubwa Hollywood, aliueleza mchezo huu vizuri alipohojiwa mwaka 1962 na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut. Watu wamekaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida, mara bomu linalipuka chini ya meza. Mtazamaji anashituka kwa sekunde kumi na tano, basi. Lakini mwonyeshe bomu mapema, mwonyeshe na saa ukutani, halafu waache watu wale wazungumze mazungumzo yale yale ya ovyo. Sasa mtazamaji ana dakika kumi na tano za roho mkononi. Anataka kuwapigia kelele: acheni soga, inukeni!

Kama bomu liko mbali nawe, chukua sufuria ya maziwa. Mama ameiteleka, ametoka uani kuanua nguo, jirani kamsimamisha kwa maneno. Wewe uko dirisha la nyumba ya pili, unayaona maziwa yanapanda. Huwezi kufika, na sauti haifiki. Hiyo ndiyo taharuki. Maziwa kumwagika ni tukio dogo tu. Kazi yote imefanywa na wewe kujua wakati mama hajui.

Kwa hiyo mtengenezaji wa filamu ya taharuki kazi yake hasa ni kugawa habari kwa kupunja. Nani anajua nini, na amekijua lini? Fulani anajua, fulani hajui, na mtazamaji anajua zaidi ya wote lakini hana uwezo. Lishike hilo, maana tutalirudia tukifika kwenye tabaka. Nako, ukitazama vizuri, kuna kupunjana kwa habari. Kazi inabandikwa ubaoni Jumatatu, na kuna mtu ameshaambiwa tangu mwezi uliopita.

Pesa kidogo ni ngapi?

"Bajeti ndogo" ni neno la kupima kwa pishi ya mwenyewe. Mwaka 2013 Marekani ilitoka filamu iitwayo The Purge, iliyogharimu kama dola milioni 3. Huko hiyo ni filamu ya bei ndogo. Hapa Unguja dola milioni 3 hupati hata mtu wa kuzihesabu bila kutetemeka. Upande wa pili kuna Oren Peli, aliyepiga Paranormal Activity ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa dola kama 15,000, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2007, na baadaye ikaingiza zaidi ya dola milioni 190 duniani. Ile ni ya kutisha, si ya taharuki ya tabaka, lakini imewafunza wengi kwamba nyumba moja inatosha.

Watu hudhani pesa kidogo maana yake filamu mbaya. Si hivyo. Pesa kidogo humlazimisha mwandishi achague: nyumba moja, usiku mmoja, watu watano. Huwezi kumpeleka mhusika wako Dubai akimbizwe na helikopta. Inabidi umfungie ndani na watu wenziwe, na watu waliofungiwa pamoja huanza kusemana ukweli. Kinachoiangusha filamu ya bei ndogo mara nyingi ni sauti kuliko picha. Picha ya giza mtu atavumilia, ataiita usanii. Lakini mazungumzo yakifunikwa na jenereta la jirani, jogoo na bodaboda, mtazamaji anaondoka. Anayetaka kupiga filamu mjini petu aazime kamera, lakini maikrofoni anunue.

Filamu niliyoitaja, The Purge, inafaa kuitazama kidogo kwa sababu ndani yake pesa kidogo na tabaka vimekutana. Katika Marekani ya kubuni, usiku mmoja kila mwaka, kwa saa 12, uhalifu unaruhusiwa. Baba mmoja ametajirika kwa kuwauzia majirani mitambo ya kulinda nyumba. Nyumba yake imefungwa kwa vyuma. Kijana wake anamwona mtu asiye na makazi akikimbizwa barabarani, anamfungulia. Wanaomkimbiza si wahuni wa vichochoroni. Ni vijana waliovaa vizuri, waliosoma, wenye maneno ya adabu, wanaobisha hodi na kuomba wapewe "mtu wao", kwa sababu wanaamini yule ni taka na wao wana haki naye. Karibu yote hutokea katika nyumba moja. Mlango ukishafungwa, swali la nani yuko ndani na nani yuko nje linaonekana kwa macho, halihitaji hotuba.

Geti, ukuta, mlango wa mbele na mlango wa uani, hivi havina gharama ya ziada, na vyote ni tabaka lililojengwa kwa matofali.

Giza la miezi mitatu

Tabaka ni neno ambalo kila aliyesoma fasihi amewahi kuliandika: "mwandishi ameonyesha mgogoro wa kitabaka." Alama mbili. Ukimuuliza ana maana gani, atakwambia matajiri na maskini. Si uongo, lakini haitoshi. Tabaka halipimwi kwa pesa iliyo mfukoni leo. Mvuvi wa Nungwi siku ya neema anaweza kuwa na noti nyingi kuliko karani wa wizara. Kesho?

Mfano ninaouamini zaidi ni wa Disemba 2009. Kebo ya umeme wa Unguja ilikuwa ikipita chini ya bahari kutoka Bara. Huduma ikaharibika, na kisiwa kikakaa bila umeme mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Mwaka uliotangulia tulishaonja mwezi mmoja hivi, kwa hiyo walioweza walikuwa wamejiandaa. Giza lilikuwa lile lile, halikuchagua mtu. Lakini ukipita njiani baada ya isha ulizijua nyumba kwa masikio. Kuna nyumba zilizonguruma usiku kucha na friji likafanya kazi. Kuna zilizowasha jenereta dogo la saa tatu, taa na televisheni, kisha kimya. Na kuna zilizokuwa na kandili, na dumu mlangoni la kwendea kisimani, maana pampu za maji nazo zilikuwa zimelala.

Hapo utaona tabaka ni nini: ni umbali ambao balaa inabidi isafiri kabla ya kukufikia. Kwa mmoja balaa ilisimama nje, kwenye jenereta. Kwa mwengine iliingia moja kwa moja ikakaa jikoni.

Na upendeleo? Wenzetu wana neno la kitaalamu, sisi tuna la mtaani: kuwa na mtu. "Mwenzako ana mtu pale." Hilo ndilo lenyewe. Si lazima huyo mtu apige simu. Wakati mwengine inatosha kwamba anaweza kupiga. Watu wengi hudhani kumwambia mtu kwamba amependelewa ni kumwambia kwamba hakufanya kazi, au kwamba ni mwizi. Sivyo. Baba wa jenereta huenda alilinunua kwa jasho lake. Lakini mwanawe alisoma kwa taa miezi mitatu ile, akafanya mtihani wake, akafaulu, na kwa moyo safi kabisa anaamini kwamba alifaulu kwa bidii tu. Jenereta la jirani ndilo linalokupigia kelele. La kwenu hulisikii.

Nitatoa na la kwangu. Nikiwa kidato cha pili, skuli jina lake nitaliacha, tuliruka ukuta watatu kwenda kutazama mpira. Tukakamatwa watatu. Wa kwanza, baba yake alikuja na gari, akasimama na mwalimu chini ya mwembe dakika tano, wakacheka, yakaisha. Mimi nilifagia kiwanja wiki nzima. Wa tatu aliambiwa asirudi mpaka aje na mzazi. Baba yake alikuwa dago, kambi ya wavuvi ya mbali, na mama yake alikuwa amejifungua. Baba aliporudi wiki tatu zilikuwa zimepita, kijana ameshazoea kwenda pwani asubuhi, na skuli akaiacha hivyo hivyo, bila mtu yeyote kumfukuza. Ukuta mmoja, mpira mmoja, na wala sina hakika kwamba pale palikuwa na mtu mbaya.

Wazee walishalisema zamani: maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Methali hiyo ndani yake mna filamu nzima ya taharuki. Mtu ameinama, ameokota kitu. Sisi tumeona ameokota. Wanaokuja njiani hawakuona.

Kwa nini vijana?

Kwa sababu skuli ni pahali pa mwisho ambapo mtoto wa Mazizini, kwenye majumba ya geti, na mtoto wa Kwahani, mtaa wa watu wa kawaida, wanakaa dawati moja. Wakubwa wameshatengana: kila mmoja na msikiti wake wa karibu, duka lake, harusi zake. Vijana bado wanaazimana kalamu. Sare inafanya kazi yake ya kuficha, ingawa viatu husema. Halafu kijana ana siri, ana simu, na wazazi wakisafiri ana nyumba. Mwandishi wa taharuki hahitaji zaidi. Na kwa mwenye bajeti ndogo, sare zimeshashonwa.

Kwetu jambo hili lina mizizi yake. Ng'ambo maana yake ni upande wa pili, na mtoto wa leo hajui wa pili wa nini. Ni wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na mashariki yake. Huku majumba ya mawe, kule vibanda vya udongo na makuti. Palikuwa na daraja, ndiyo Darajani. Maji yamefukiwa, daraja halipo, majina yamebaki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, elimu ilitangazwa kuwa bure Septemba ya mwaka huo huo, na ardhi ikaja kugawiwa eka tatu tatu. Dawati la pamoja lilikuwa moja ya maana kubwa za wakati ule. Baadaye biashara ikafunguliwa, hoteli zikaota pwani yote ya mashariki, skuli za kulipia zikaja, na madawati yakaanza tena kuachana taratibu. Filamu ya vijana hukaa hapo hapo, kwenye dawati lililoanza kupasuka katikati.

Tuitungie Unguja

Badala ya kugombania filamu ya watu, nilipendekeza barazani tutunge yetu. Wahusika wa kubuni, kwa hiyo asijitafute mtu.

Nyumba iko Mazizini, geti jeusi, bahari nyuma. Wazazi wamekwenda Umra. Nassor, mtoto wa nyumba, ana miaka kumi na saba. Amewaalika wenzake watatu wa kidato cha nne kuja kudurusu: binamu yake Hafidh, Saada ambaye baba yake ana hoteli, na Zulekha wa Kwahani, ambaye ndiye anayejua hesabu kuliko wote, na hiyo ndiyo sababu ya kualikwa. Mama yake Zulekha anauza urojo. Getini kuna mlinzi, Mzee Makame.

Saa nne za usiku wanachukua gari la baba kwenda kununua chipsi. Wanarudi kwa njia ya Kiembe Samaki, Nassor kashika usukani bila leseni, na wanamgonga mtu wa baiskeli aliyepakia maboflo, mikate ya kuuza. Maboflo meupe yanatawanyika kwenye lami nyeusi. Hawashuki. Mzee Makame anafungua geti, anaona taa moja ya gari imevunjika, anafunga geti.

Sasa bomu liko wapi? Zulekha alikuwa amevua mtandio wake wa skuli kwa joto, akatoa ushungi mkobani akajifunika. Mtandio ule mweupe, ambao mama yake ameutia jina kwa uzi mwekundu usipotee, umeteleza chini ya kiti cha dereva. Sisi tumeuona. Hafidh naye ameuona, alipokuwa akitafuta simu yake. Zulekha hajui. Yeye anatia chai.

Saa ya kutufanya tuhesabu dakika haigharimu kitu: ni adhana. Kabla ya alfajiri lazima gari liwe safi na maneno yawe mamoja, kwa sababu baada ya sala majirani watakuwa njiani. Kila mwandishi wa Ulaya na Amerika anahangaika kutafuta kisingizio cha saa inayokimbia, nasi tunayo mnarani, ina sauti, na kila mtazamaji anaijua bila kuelezwa.

Hapa ndipo ninapowaomba vijana wanaotaka kuandika wasikilize viambishi. Mwanzo wa usiku wanasema "tumefanya nini?" Tu- hiyo ina watu wanne. Saa saba Hafidh anasema "usijali, tutalimaliza." Tuta- nani? Hesabu: mle wamo watatu. Zulekha ameshatolewa nje ya herufi mbili, ameingia kwenye u-, na bado hajahisi. Hakuna aliyepaza sauti wala kutoa kisu. Wanaanza tu kumwita "dada yetu". Saada anampikia mayai. Wanamwambia kwa upole kwamba yeye hana rekodi yoyote, ni mwanafunzi bora, watu watamwonea huruma. Akisema yeye ndiye aliyekuwa akijifunza gari, mambo yatakuwa madogo, na baba yake Nassor akirudi atamlipia mpaka chuo kikuu. Na mama naye ana mguu unaohitaji matibabu, sivyo?

Kinachotisha ni kwamba wanasema kweli. Wangemlipia. Ndiyo sababu sikubaliani na ami yangu kwamba filamu za namna hii zinafundisha chuki. Zile mbovu, ndiyo: tajiri anacheka kama shetani na maskini ni malaika aliyechaniwa nguo. Nzuri humfanya Nassor kuwa kijana unayempenda. Anaogopa, analia, anataka sana kuwa mwema, ili mradi wema huo usimgharimu. Anamwogopa baba. Zulekha anaogopa polisi, mama, mtaa, na zaidi ya yote swali la kwanza atakaloulizwa msichana aliyekutwa usiku katika nyumba isiyo na wakubwa, swali ambalo halihusu baiskeli kabisa. Nassor kwa kosa lile lile hataulizwa hilo. Hata hofu zao zina bei mbalimbali.

Na ukitaka kupima kama mwandishi ameelewa somo, mtazame mlinzi. Filamu ya kivivu humfanya mlinzi awe sehemu ya geti. Kumbe Mzee Makame ndiye pekee, nje ya wale wanne, anayejua nani alikuwa kwenye usukani. Habari kubwa kuliko zote iko kwa mtu mwenye nguvu ndogo kuliko wote, amekaa kwenye kiti cha plastiki na redio. Hapo taharuki na tabaka vimekuwa kitu kimoja.

"Sisi hapa hatuna matabaka"

Hili ndilo lililosemwa kwa sauti kubwa zaidi pale barazani. Sisi tunakula sinia moja. Khitma, harusi, futari, waziri na mchukuzi mikono yao inakutana kwenye wali. Ni kweli, na ni jambo zuri, na mgeni akiliona hushangaa. Lakini baada ya kunawa mikono mmoja hupanda gari na mwengine husimama kusubiri daladala, na wote wawili hawaoni ajabu. Sinia moja haifuti tabaka. Inatufanya tulisahau kwa nusu saa.

Wala si habari mpya kwa maandishi yetu. Aliyedhani taharuki ni kitu cha kuletwa kwa fleshi amemsahau Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, ambaye kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilichapishwa mwaka 1960 na kumleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Na aliyedhani tabaka ni maneno ya wanaharakati wa mitandaoni amrudie Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad, 1978: Kijakazi anamtumikia bwana kwa mapenzi kabisa, na ni mapenzi yale yanayomuumiza msomaji zaidi ya fimbo. Vyombo vyote viwili tunavyo kabatini tangu zamani. Ila sijaona vijana wetu wakiviteleka pamoja mara nyingi.

Kuna pia kauli kwamba filamu kama hizi zinawahusu Wakorea na Wamarekani. Tukubali kwamba kila pahala pana lugha yake ya tabaka. Katika Parasite ya Bong Joon-ho, iliyochukua Oscar nne Februari 2020 ikiwemo ya filamu bora, lugha hiyo ni ngazi na mvua. Ile si filamu ya bei ndogo wala ya skuli, lakini mvua yake imenikaa: usiku mmoja inafurika nyumba ya familia maskini, iliyo nusu chini ya ardhi, na kesho yake mama tajiri anaisifu kwamba imesafisha hewa. Nani aliyeishi bondeni wakati wa masika, akatoa maji sebuleni kwa sufuria, atahitaji kutafsiriwa hiyo?

Kwetu lugha ya tabaka ingekuwa nyengine. Ingekuwa geti, maji ya tangi, lafudhi ya shamba inayochekwa darasani, nani anaingia mlango wa mbele. Ingekuwa salamu: Mzee Makame ana umri wa babu yake Nassor, na Nassor humwamkia shikamoo kila siku bila kukosa, kisha humtuma maji ya kunywa. Mpiga kamera akiwa makini atakaa hapo sekunde tano zaidi, bila muziki.

Kuitengeneza hakuna siri kubwa. Kibali kinaombwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na mwenye busara atamwona pia sheha, kiongozi wa mtaa, kabla ya kuwasha taa za usiku mtaani kwa watu. Na pahali pa kuonyesha papo. Tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likitandika pazia Ngome Kongwe tangu miaka ya 90. Gumu ni kupata mwenye nyumba Mazizini atakayekubali igizwe kwake hadithi ya nyumba za Mazizini. Ami yangu anasema hatapatikana. Mimi nasema atapatikana, na atadhani ni hadithi ya jirani.

Mwisho wa filamu yetu haukupatikana. Vijana walitaka Mzee Makame aseme, asubuhi ile ile, mbele ya wote, adhana ikiwa ndiyo kwanza inakatika. Walishaanza kumpangia na maneno. Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo, ambaye mwenyewe amelinda mahoteli miaka mingi, aliuliza mshahara wa huyo Makame ni kiasi gani. Hatukuwa tumefikiria. Akauliza ana watoto wangapi. Tukasema hatujui, watano labda. Akatikisa kichwa, akavaa viatu vyake, akasema yeye angeutoa ule mtandio chini ya kiti kabla ya watoto kuamka, akauficha ndani ya redio, na asingemwambia mtu yeyote, hata Zulekha.

Wakabisha tena mpaka saa nne.